Picha ya Ubavu wa Lori

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa studio. Wenzangu mliobaki mlinifanyia chai nzuri, mkanipa zawadi ya picha yangu mwenyewe, imekuzwa mpaka kila kunyanzi kwenye shavu linajitegemea. Nawashukuru. Picha ile ni safi sana, ningependa iwe safi kidogo tu. Siku hiyo mliniomba niandike yale niliyokuwa nawaambia tukiwa tumekatikiwa na umeme, tukikaa mlangoni kungojea mashine ziwake. Haya ndiyo hayo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia, Unguja, kabla wazazi wangu hawajaturudisha kisiwani kwetu Ngazija. Kingazija changu ni cha mdomoni tu, na Kinzuani changu mnakicheka mpaka leo.

Nilianza kazi Moroni mwaka ule mamluki wa Kizungu walipoingia na kuipindua serikali. Studio ilikuwa karibu na soko, chumba cha mbele cha kupigia picha na chumba cha giza nyuma, hakina dirisha, kinanuka siki kwa sababu ya dawa za kusafishia. Mwenyewe alikuwa Fundi Halidi, mtu wa Mutsamudu, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Watu walikuwa wanakuja kwa wingi kupiga picha za vitambulisho, maana vizuizi vilijaa barabarani na kila kizuizi kilitaka karatasi. Huzuni ya nchi ilitupatia kazi. Fundi hakuifurahia, lakini hakumfukuza mteja.

Siku ya kwanza alinipa negativu moja ya harusi, akaiweka kwenye mashine ya kukuzia na kuniambia nipandishe kichwa cha mashine polepole. Mwanga ulikuwa unaishusha picha juu ya ubao mweupe. Kila nilipopandisha, watu waliongezeka ukubwa. Nikamchagua bibi mmoja wa nyuma kabisa, nikaendelea kupandisha ili nimwone vizuri. Uso ukawa mkubwa kama sahani, kisha ukawa chembechembe za kijivu, kama mchanga wa pwani ya Ikoni, na bibi akatoweka.

"Amekwenda wapi?" nikauliza.

"Hajakwenda popote," Fundi akasema. "Kamera ilimpokea akiwa mdogo hivyo. Mashine hii inatandaza tu. Haina cha kuongeza."

Nyinyi hamkuiona mashine ile, lakini sheria yake ndiyo ile ile mnayogombana nayo kwenye kompyuta. Pikseli ndizo chembe zenu. Picha yenye pikseli elfu moja na mia mbili upande mmoja, ukiichapa kwa pikseli mia tatu kwa kila inchi, inatoka inchi nne, yaani kama kiganja na kidogo. Ukitaka itoke mara mbili ya hapo, pikseli ni zile zile, zinatandazwa tu, zinabaki mia na hamsini kwa inchi, na macho yanaanza kulalamika. Kuandika namba kubwa kwenye kile kisanduku hakuleti kitu ambacho kamera haikukiona. Na kwenye skrini namba hiyo ya inchi haina kazi kabisa, skrini inajali pikseli ziko ngapi, basi. Nimewaona mkiibadilisha kwa picha za kuweka kwenye simu, mkitulia kama mliomeza dawa.

Turudi Moroni. Mmoja wa mamluki wale alikuja studio, kijana mwenye ndevu nyekundu na bastola kiunoni. Alikuwa na picha ndogo aliyopigwa na mwenzake ufukweni, akitaka ikuzwe ampelekee mama yake. Fundi aliipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea ya kila mtu. Aliisafisha vizuri sana. Kijana alipokwisha kwenda nikamuuliza kwa nini amejitahidi vile kwa mtu kama yule.

"Mama yake hakuja na bunduki," akanijibu.

Baada ya miaka michache Fundi alifungua tawi kwao Mutsamudu, kisiwani Nzuani, nikaenda naye kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuolewa na mtu wa huko. Studio ilikuwa kwenye kichochoro cha mji wa zamani, chembamba hata watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Kazi kubwa ilikuwa harusi. Picha ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya harusi.

Fundi aliipiga mwenyewe, mchana, juu ya paa la nyumba moja inayotazama barabara ya bandari. Wajomba wa bibi harusi wamesimama kwa mstari, majoho yao yamekunjuka vizuri, wote wanatazama kamera. Tulipokuwa tunaisafisha, nikaona nyuma yao, chini barabarani, kuna lori. Juu ya lori wamesimama watu, na kwenye pembe mbili wamekaa askari. Ilikuwa siku ile askari walipokamata vijana wa Mutsamudu na vijiji vya juu na kuwapeleka bandarini. Kila mtu aliijua siku hiyo. Sisi tulikuwa na picha yake bila kutaka.

Fundi aliitazama muda mrefu chini ya taa nyekundu. Kisha akasema niwakate wajomba karibu zaidi, lori lisionekane, na picha za wenye harusi zitoke hivyo. Lakini moja ilikuwa imekwisha kutoka nzima, na mjomba mmoja aliichukua kabla hatujaizuia. Siku chache baadaye mwanamke alisimama mlangoni kwetu, kavaa shiromani, shuka la kujitanda la wanawake wa huko, iliyopauka kwa jua.

Alikuwa Bweni Zalihata wa Patsy, kijiji cha juu ya mji. Huko kwetu Bweni ni kama kusema Bibi, na kila mtu alimwita hivyo ingawa hakuwa mzee bado. Hakuwa mzaliwa wa Patsy. Alikuwa miongoni mwa wale waliorudishwa kutoka Majunga, mji wa Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, baada ya Wangazija na Wanzuani wa huko kuuawa ovyo mitaani, wakaletwa kwa ndege na meli wakiwa na nguo walizovaa. Mumewe aliuawa kule. Nyumba ilichomwa. Alifika Nzuani na mtoto mmoja wa kiume, Nasuri, na akaanza kuuza mikate ya mchele kando ya barabara. Nasuri alipokuwa mkubwa ndipo wakamchukua, siku ile ya lori. Walisema ameandika maneno kwenye ukuta wa bandari.

"Mwanangu kuandika jina lake tu anatoa jasho," Bweni alituambia. "Shule yake iliishia Majunga. Ataandika ukuta mzima?"

Alikuwa ameambiwa na mjomba yule kuhusu picha. Akaomba aione. Fundi akafunga mlango wa mbele, akamkaribisha ndani, akampa nakala nzima aliyoichapa upya na kioo cha kukuzia. Bweni aliinamisha kichwa. Kidole chake kilitambaa juu ya lori mpaka kikasimama kwa mtu mmoja mwenye shati jeupe, amesimama mbele, ameshika chuma cha lori.

"Huyu ndiye. Nikuzie huyu."

Kichwa cha mtu yule kwenye picha kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi alijaribu. Alipandisha mashine mpaka mwisho wa nguzo yake, kisha akakigeuza kichwa cha mashine kitazame sakafuni, tukatandika karatasi chini na kuibana kwa mawe. Kadiri mashine inavyokwenda mbali mwanga unazidi kufifia, ikabidi tungoje sana kila karatasi. Kilichotoka ni shati, weupe wake, shingo, na juu ya shingo, chembe. Penye macho palikuwa na giza kidogo. Penye mdomo hapakuwa na kitu.

Bweni aliishika ikiwa bado na maji.

"Ni yeye?" akamuuliza Fundi.

"Sijui, Bweni. Picha haisemi."

"Wewe ni fundi. Naambiwa unajua kuweka macho kwa kalamu. Picha ya marehemu imamu uliiwekea macho. Muwekee mwanangu."

Ni kweli alijua. Alikuwa na kalamu za risasi zilizochongwa nyembamba kama sindano, na watu walikuja hata kutoka Domoni kwa ajili ya mkono wake. Aliketi kwenye kigoda ili awe chini yake.

"Imamu nilimjua," alisema. "Nilikuwa na picha zake nyingine. Una picha nyingine ya Nasuri?"

"Zote ziliungua Majunga. Hapa sikuwahi kumpigisha picha. Nilisema mwakani."

"Basi nikimwekea macho yatakuwa yangu, Bweni, hayatakuwa yake. Utayatazama kila siku, na baada ya muda utasahau ya kwake."

Alikasirika. Alituambia kwamba hatuna watoto, nasi tulikuwa nao. Kisha akaikunja picha ile ndani ya shiromani bila kuisubiri ikauke, akaenda nayo. Fundi alibaki kwenye kigoda. Nikamtengenezea chai na hakuinywa.

Negativu ile aliificha kati ya negativu za harusi nyingine, mahali ambapo askari akitafuta atachoka kuangalia mabibi harusi. Haikutafutwa. Lakini kwa miaka mingi kila gari liliposimama mwisho wa kichochoro tuliacha kuzungumza.

Bweni alirudi baadaye, si kwa ajili ya picha, alituletea mikate. Hakuomba radhi na hatukutaka aombe. Nilipopita Patsy niliingia kwake, nikaiona picha imetundikwa juu ukutani, mkabala na mlango: shati jeupe na wingu la kijivu juu yake. Wageni walidhani ni picha iliyoharibika. Yeye alimsalimia kila asubuhi. Jamaa zake walimwambia miaka imepita, tumsomee Nasuri hitima, naye akawajibu hakuna aliyemwona mwanawe akiwa maiti, na mtu aliyesimama wima amesomewa hitima wapi?

Fundi Halidi alifariki mwaka mmoja baada ya mamluki wale wa kwanza kuondoka. Kifua. Miaka yote ya dawa katika chumba kisicho na dirisha. Nawaambieni nyinyi mnaolalamikia kiyoyozi. Tawi nikaliendesha mimi.

Baadaye zikaja kompyuta. Mtoto wa Fundi alileta skana kutoka Marseille, na kazi yangu kwa muda mrefu ikawa kuingiza negativu za zamani kabla ukungu haujazila. Hapa pana jambo moja nataka mlishike. Skana iwekeni kwenye kipimo kikubwa mara ya kwanza, kwa sababu negativu haitakusubiri. Faili lile la kwanza msiliguse. Mnakata na kupunguza kwenye nakala. Picha ikisha kupunguzwa kwa ajili ya simu na ikahifadhiwa juu ya ile ya asili, imekwenda. Nimewaona watu wakiniletea picha ya baba yao iliyopita simu kumi, kila simu imeipunguza kidogo, wanataka iwe ya ukutani. Ndipo unapomkumbuka Fundi kwenye kigoda. Siku hizi kuna programu inayochora uso kamili mahali pasipo na uso. Macho yanang'aa, hata meno yapo. Uso ule si wa mtu yeyote. Mkiulizwa na mwenye msiba, mwambieni hivyo kabla hamjabonyeza.

Siku niliyofikia negativu ya lori niliikuza kwenye skrini, sijui kwa nini, nilitaka kuona kama mashine mpya ina macho zaidi kuliko ya zamani. Haikuwa nayo. Chembe zilikuwa zile zile, safi zaidi, zimehesabika. Nilikuwa bado naitazama alipoingia mteja, mwanamume wa makamo, kaja kutoka Ufaransa kumwoza binti yake na anataka picha. Nikamwambia angoje kidogo. Nilipogeuka nilimkuta amesimama nyuma yangu, mkono umeshika mgongo wa kiti changu.

"Picha hii umeipata wapi?"

Nikamwambia.

"Huyo wa shati jeupe," akasema, "ni mimi."

Jina lake Daudu. Alinionyesha jinsi alivyoshika chuma, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini kwa sababu wa kushoto walikuwa wameutegua. Kwenye picha ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote hiyo tulikuwa tumetafuta macho, hatukuutazama mkono. Nilimuuliza kama alimjua kijana anayeitwa Nasuri, mtoto wa muuza mikate.

Akakaa.

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Yuko Patsy."

"Mimi niliambiwa amerudi Bukini," akasema, na akauficha uso wake.

Kesho yake tulipanda Patsy pamoja. Bweni alikuwa amezeeka, magoti yamemshinda, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alitukaribisha mkekani. Daudu aliiona picha ukutani kabla hajaketi, akasimama hapo mlangoni kama mtu aliyegongwa.

Nilimwambia Bweni huyu ni nani. Sikuzungusha maneno, kwa sababu Fundi asingezungusha. Bweni alimtazama Daudu, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Simama," akamwambia. "Inua mkono."

Daudu akainua.

"Nasuri alikuwepo?" Bweni akauliza. "Kwenye lori hilo?"

"Alikuwepo, mama. Hakuweza kusimama. Walikuwa wamempiga nyayo. Alikaa chini, mgongo kwenye ubavu wa lori, hapa, miguuni kwangu. Alishika suruali yangu gotini, tusije tukaachana. Alinishika hivyo mpaka melini."

"Alisema nini?"

"Alisema mama yangu atadhani sijala. Alinieleza habari ya mikate yako. Kwamba ukipika unaimba Kibuki na majirani wanakucheka."

Bweni akafunga macho. Daudu aliendelea kwa sauti ya chini. Waliwekwa Moroni, kambini. Nasuri alipata homa. Asubuhi moja walimchukua, wakasema anapelekwa hospitali, na hakurudishwa. Mpishi wa kambi alimwambia Daudu baadaye kwamba amezikwa upande wa Ikoni, na kwamba waliomzika walimswalia. Kaburi Daudu hakuonyeshwa. Alipoachiwa alikimbilia kisiwa cha Maore kwa mashua, na kutoka huko Ufaransa.

"Walimswalia?" Bweni akauliza.

"Mpishi aliapa."

Alilia basi, bila sauti, machozi yakifuata makunyanzi. Nje mtu alikuwa akitwanga, akaacha, akaanza tena. Bweni alipojifuta alisema, "Kumbe miaka yote nimemwamkia mtoto wa mwenzangu." Kisha akamuuliza Daudu, "Mama yako je?"

"Alikufa nikiwa Maore. Hakujua kama nimetoka."

"Alikuwa na picha yako?"

"Hapana."

Bweni aliniambia niishushe picha. Niliishusha, ukuta nyuma yake ukiwa bado na rangi yake ya zamani isiyopauka. Akaifuta vumbi kwa ncha ya shiromani, akampa Daudu mikononi.

"Ningekuwa mimi ndiye mama yako, nimekufa, ningetaka mtu akupe. Chukua. Nimekutunza vizuri."

Daudu alimbusu mkono.

Ndipo Bweni akanigeukia mimi. "Na wewe, Sitina. Nikuzie pale alipokaa."

"Pale pana mbao tu, Bweni. Ubavu wa lori. Yeye yuko nyuma yake, haonekani."

"Nimesikia alivyosema. Nikuzie hizo mbao."

Akanionyesha kwa mikono anataka kubwa kiasi gani: kutoka sakafuni mpaka bega la kijana aliyekaa.

Nilirudi Mutsamudu nikafungua faili. Nilikata kipande kile cha ubavu, nikatazama kila ufa kati ya mbao, nikitafuta ncha ya nguo, kidole, chochote. Nilitafuta mchana kutwa. Hapakuwa na kitu. Kwa ukubwa alioutaka zilibaki pikseli chache sana kwa kila inchi, kazi ambayo nyote ningewakataza. Picha kubwa hutazamwa kwa mbali, na kwa mbali jicho husamehe, ndiyo maana mabango ya barabarani hayahitaji pikseli nyingi. Lakini nilijua huyu hataitazama kwa mbali. Nilichapa vile vile. Sikuinoa, sikuilainisha. Zilitoka mbao nne za kijivu, zimejaa chembe, na kivuli cha gurudumu chini yake.

Kwanza walisoma hitima. Patsy yote ilikuja, na Daudu alikaa na wanaume wa nyumba hiyo kama mmoja wao. Watu walipokwisha kutawanyika, tuliingia na picha ndani, mimi na yeye. Daudu alikuwa na msumari na nyundo, akainua mkono kuitundika pale pale pa zamani, mkabala na mlango.

"Chini," Bweni akasema.

Akashusha.

"Chini zaidi. Alikuwa amekaa."

Tukaitundika mpaka ukingo wake ukagusa mkeka. Bweni alishuka taratibu, tukimshika mikono kwa ajili ya magoti, akaegemeza mgongo ukutani kando ya mbao zile, bega lake sawa na picha. Akanyoosha miguu. Akaweka kiganja chake kwenye mkeka, mbele ya picha, na kukiacha hapo.

"Sasa tuacheni," akasema.

Tukavaa viatu vyetu nje, tukaurudisha mlango.